Ulaji wa mafuta kwenye pikipiki kuukuu ya kabureta: kuupima na kuushusha, kwa mfano wa Honda CG125

Honda CG125 iliyo nzima hutembea kilomita 35 hadi 45 kwa lita moja ya petroli. Ikishuka chini ya 30 huku aliyepanda ni mtu mmoja na njia ni ya lami, kuna kitu kimelegea, kimeziba au kimelika. Mara nyingi ni vitu vitatu vinne vidogo kwa pamoja, na ndiyo maana mtu hubadilisha kabureta nzima akabaki palepale.

Tumeichukua CG125 kuwa mfano kwa sababu ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970 ikiwa imekusudiwa hasa nchi ambazo matengenezo hucheleweshwa. Kamu yake (mhimili unaofungua valvu) inazungushwa na gia, si cheni. Valvu zinafunguliwa kwa fito, yaani vijiti vinavyosukuma kutoka chini. Cheni ya tairi la nyuma imefungiwa ndani ya boksi. Injini yake ya sisi 124 (silinda milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5) imenakiliwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanazihusu pia pikipiki nyingi za bodaboda zenye injini ya fito. Wenye Yamaha DT, AG100 au Suzuki za stroku mbili wana sehemu yao kuelekea mwisho.

Pima kabla ya kushika spana

Watu wengi hupima kwa fedha: juzi mafuta ya elfu tano yalinitosha siku tatu, leo yameisha siku mbili. Hapo hujui kama bei imepanda, safari zimeongezeka au pikipiki inakula. Kipimo cha kuaminika ni cha tenki hadi tenki, nacho hufanywa hivi:

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali bapa, jaza petroli mpaka iguse ukingo wa chini wa shingo ya tenki, andika kilomita. Tembea safari zako za kawaida zisizopungua kilomita 150. Rudi mahali palepale, stendi ileile, jaza mpaka alama ileile. Ukiweza, nunua petroli kwenye kidumu na ujazie kwa jagi lenye mistari ya mililita badala ya kutegemea pampu ya sheli. Gawanya kilomita kwa lita.

Kilomita 150 zina sababu yake. Hata ukiwa mwangalifu, unaweza kukosea mililita 100 katika kujaza. Ukiwa umetumia lita moja tu, kosa hilo ni asilimia 10. Ukiwa umetumia lita tano, ni asilimia 2. Ndiyo maana anayepima kwa lita moja hupata 32 Jumatatu na 39 Alhamisi, kisha akaanza kusaka ugonjwa usiokuwepo.

Mita ya kilomita nayo ikaguliwe. Inazungushwa na gurudumu la mbele kwa kebo, na tairi la mbele likiwa na kimo tofauti na lile la kiwandani, mita inadanganya. Washa simu yenye GPS, tembea kilomita 50 kwa kipimo cha simu, kisha tazama mita imesoma ngapi. Ikiwa imesoma 52.6, kila hesabu yako izidishe kwa 0.95. Mfano: mita imesoma kilomita 186, ukizidisha kwa 0.95 ni 176.7, ulijaza lita 4.9, pikipiki inatembea kilomita 36 kwa lita.

Ukisoma vitabu vya zamani vya Kiingereza utakuta maili kwa galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785, kwa hiyo maili 100 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 35.4 kwa lita, lakini maili 100 kwa galoni ya Marekani ni 42.5. Jua kitabu chako kimeandikwa wapi kabla ya kujilinganisha nacho. Tena takwimu za matangazo ya zamani zilipimwa kwa mwendo mmoja usiobadilika, mtu mmoja, barabara bapa. Usizitarajie Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Pima mara tatu kabla ya kutengeneza chochote, na baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Upepo nao uuhesabie. Mtu wa pwani anayekwenda kusini wakati wa kusi atapata takwimu mbaya kuliko anayerudi kaskazini siku hiyohiyo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa usoni unaifanya pikipiki iliyo kwenye mwendo wa 60 isukume hewa kana kwamba iko kwenye 80. Safari ya kupimia iwe ya kwenda na kurudi.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua chochote: laza kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha, koki ya mafuta ikiwa wazi. Doa la rangi ya njano kwenye koki au chini ya bakuli la kabureta ni petroli inayovuja na kukauka. Koki za zamani huvuja kwenye raba ya ndani, na mwenyewe haoni tone kwa kuwa linakauka kabla halijaanguka. Kisha jizoeze kufunga koki kila unapoegesha.

Gurudumu lizunguke bure

Anza huku chini, si kwenye kabureta, kwa kuwa huku ni rahisi na bure.

Weka stendi kubwa, gia iwe fri, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lizunguke mizunguko kadhaa bila sauti ya kukwaruza. Breki za dramu zina tabia mbili mbaya: kwanza mtu huzikaza mno akidhani anazifanya kali, pili, kamu ya breki hukauka grisi, ikibanwa hairudi yote. Wenzo wa mbele uwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha kabla breki haijaanza kushika, na pedali ya nyuma vivyo hivyo. Ukishalegeza na bado shuu zinaburuza, fungua gurudumu, toa kamu, isugue kutu kwa msasa laini, paka grisi kidogo sana, rudisha. Grisi ikizidi itafika kwenye shuu na utakuwa huna breki kabisa.

Jaribio zuri la ukaguzi wote huu ni la kuachia: kwenye barabara bapa, isiyo na magari, siku isiyo na upepo, fika kilomita 40 kwa saa, bana klachi, weka fri, uache ijiendee mpaka isimame. Pima umbali kwa hatua, fanya tena ukirudi upande wa pili, chukua wastani. Baada ya kurekebisha breki, upepo wa tairi na cheni, rudia. Ongezeko la hatua ni mafuta uliyokuwa ukiyachoma bure.

Upepo wa tairi kwa CG125 ni paundi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, upimwe tairi likiwa limepoa. Ukibeba abiria wa kawaida, ya nyuma ipande hadi 32. Nunua geji yako mwenyewe, maana za barabarani hutofautiana kwa paundi tano na zaidi. Tairi za vibonge zinafaa kwenye tope. Kwenye lami zinakula mafuta na zinaisha haraka.

Cheni iwe na mchezo wa sentimita mbili hivi katikati, ipimwe mahali inapokaza zaidi, kwa kuwa cheni kuukuu haikazi sawasawa kote. Boksi la cheni la CG likiwa bado lipo, lilinde. Wengi hulitoa kwa ajili ya sura, na cheni iliyokuwa ikikaa miaka inaliwa na vumbi ndani ya miezi. Paka oili nzito ya gia namba 90, si oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo imejaa vipande vya chuma na masizi.

Kuhusu oili ya injini: CG huchukua chini kidogo ya lita moja unapobadilisha. Kijiti cha kupimia kiegeshwe tu kwenye tundu lake bila kukazwa. Ukizidisha, gia na kishikio cha fito kuu (krenki) vinapiga oili kama anayekoroga uji. Usitie oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano kwa ajili ya kuokoa mafuta. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo, nayo itateleza. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA. Klachi inayoteleza utaitambua ukiwa kwenye gia ya juu mlimani: injini inapanda sauti, mwendo hauongezeki. Kabla ya kununua sahani mpya hakikisha wenzo una mchezo wa milimita 10 hadi 20, kwa kuwa kebo iliyokazwa sana nayo huleta ugonjwa huohuo.

Hewa

Sponji ya chujio la hewa iliyoziba hufanya injini ivute petroli nyingi kuliko hewa. Ioshe kwa mafuta ya taa, kamua, osha tena kwa maji ya sabuni, kausha kabisa kivulini, tia oili safi, kamua mpaka isidondoke. Kila kilomita 3,000 kwa lami. Kwenye barabara za vumbi kila wiki si kupitiliza. Usiisokote kama nguo, itachanika. Na anayeitoa kabisa "ili injini ipumue" anaingiza mchanga kwenye silinda. Ringi zikishaliwa, hakuna jeti (kijitundu cha kabureta kinachopima petroli) itakayomrudishia kilomita zake.

Valvu na moto

Tapeti za CG125, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaobonyeza valvu) na valvu yake, zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya kupiga kiki. Toa kifuniko cha magineto upande wa kushoto, zungusha mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye bodi, hakikisha roka zote mbili zina mchezo. Kama moja imebana uko kwenye mzunguko usio wake, zungusha mara moja zaidi. Fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.08 ipite kwa kukwama kidogo. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza hubadilisha nafasi. Watu huogopa tapeti inayolia, lakini hatari zaidi ni ile iliyokaa kimya: valvu ya ekzosi isiyofunga inaungua pembeni, mgandamizo unapungua, na unalazimika kuvuta resi zaidi kwa mwendo uleule.

Kwenye matoleo ya pointi (swichi ndogo inayofunguka ili plagi itoe cheche), nafasi yake iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kadiri kisigino cha pointi kinavyoliwa, nafasi hupungua na moto huchelewa. Moto uliochelewa huchoma mafuta wakati pistoni imeshaanza kushuka: joto linaingia kwenye ekzosi badala ya kusukuma. Dalili zake ni ekzosi kuwaka moto kupita kawaida, injini kuwa nzito na mafuta kuisha, wala hakuna moshi mweusi. Baada ya kurekebisha nafasi, hakikisha pointi zinafunguka pale alama ya F (wakati wa cheche) inapolingana, kwa taa ndogo ya majaribio au kwa karatasi nyembamba ya sigara iliyobanwa kati yake: karatasi ianze kuachia hapohapo. Matoleo ya CDI, yaani ya moto wa kielektroniki, hayana kazi hii.

Plagi ni ya aina ya NGK D8EA au inayolingana nayo, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Kofia ya plagi na waya wake vikiwa vya umri wa pikipiki, vibadilishe bila kubishana.

Mgandamizo upimwe kwa geji, resi ikiwa wazi yote, kiki za nguvu mpaka mshale utulie. Ukiwa chini ya paundi 120, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ukipanda sana, ringi au silinda zimeliwa. Usipopanda, tafuta kwenye valvu. Injini ya namna hii irekebishwe kwanza. Kuhangaika na kabureta juu ya silinda iliyokwisha ni kupoteza siku.

Kabureta

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo panapoharibiwa zaidi.

Kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ukivuta resi) ina njia kadhaa za petroli, na kila moja ina zamu yake kulingana na ulivyofungua resi. Kuanzia kufungwa hadi moja ya nane ni jeti ndogo na skrubu yake. Kutoka hapo hadi robo ni mkato ulio chini ya slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano na kijibomba cha shaba inamopita. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Bandika utepe wa karatasi kwenye kishikio cha resi na mwingine kwenye kikombe chake, chora alama za robo, nusu na robo tatu. Tembea siku moja ukizitazama. Utagundua kwamba kwa mwendo wa 50 hadi 60 kwenye lami bapa uko kati ya robo na nusu karibu muda wote. Jeti kubwa, ambayo kila fundi anataka kuibadilisha, hujaigusa isipokuwa mlimani.

Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza kwenye pikipiki kuukuu ni sindano na kijibomba chake. Sindano hutetemeka miaka yote inayotembea, ikisugua shaba upande mmoja. Tundu lililokuwa duara linakuwa yai, na petroli inapita pembeni kwa wingi hasa palepale unapotembelea. Injini haionyeshi kitu cha kutisha: inawaka vizuri, sailensa (mngurumo wa injini bila resi) imetulia, mlimani ina nguvu, ila inakula. Toa sindano uitazame kwenye mwanga. Mstari unaong'aa upande mmoja ni wa msuguano. Tundu litazame kwa lenzi. Badilisha vyote viwili pamoja, kwa kuwa sindano mpya kwenye tundu la yai haisaidii. Angalia pia namba iliyochorwa kwenye sindano: seti za kabureta za bei rahisi huja na sindano yenye mchongoko tofauti, na ukiifunga utapata ulaji mbaya kuliko wa ile uliyoitupa.

Sindano ina vijino vitano kwa kawaida, na klipu ya kiwandani mara nyingi hukaa cha katikati. Klipu ikipanda, sindano inashuka na petroli inapungua. Klipu ikishuka, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Kijino kimoja kinatosha kwa jaribio moja.

Mtuhumiwa wa pili ni boya, linaloelea kwenye bakuli na kufunga petroli ikijaa. Ncha ya valvu ya boya ikiliwa pete, petroli hupanda kwenye bakuli kupita kiwango na kila njia ya kabureta inakuwa nzito kwa pamoja. Ukaguzi bila kufungua: chomeka mpira mwembamba unaoona ndani kwenye tundu la kumwagia bakuli, upinde juu kando ya kabureta, legeza skrubu ya kumwagia, fungua koki. Petroli itasimama kwenye mpira sawa na ilivyo ndani. Iwe chini kidogo ya maungio ya bakuli. Ikifika kwenye maungio au kupita, badilisha valvu ya boya au kunja ulimi wake kidogo kabisa. Boya la shaba litikise karibu na sikio. Likilia maji lina tundu.

Jeti zisafishwe kwa hewa au kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Usikubali fundi atoboe jeti kwa waya wa klachi au sindano ya kushonea. Tundu la milimita 1.00 likipanuka kuwa 1.05 halionekani kwa jicho, lakini linapitisha petroli asilimia 10 zaidi. Jeti nyingi zilizopita kwenye gereji kadhaa zimekwishapanuliwa hivi, kwa hiyo namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena, nunua mpya.

Chok nayo. Kwenye aina nyingi ni kibati kinachoziba mdomo wa kabureta, na mhimili wake ukilegea, kibati hujifunga kidogo kidogo kwa mtetemo. Toa mpira wa chujio, tazama kama kinafunguka chote.

Skrubu ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila resi, irekebishwe mwisho, injini ikiwa na moto wa kilomita kumi. Ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Izungushe robo robo kutafuta pale injini inapounguruma haraka zaidi na kwa utulivu, halafu shusha kwa skrubu ya slaidi mpaka mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Skrubu ikiwa upande wa chujio inarekebisha hewa, kuifunga kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa injini inarekebisha petroli, kuifunga kunapunguza. Ukichanganya haya mawili utafanya kinyume mchana kutwa.

Kisha soma plagi. Tia plagi safi, tembea kilomita moja mbili kwa resi ya theluthi hivi, zima swichi ghafla, bana klachi, simama kando, toa plagi. Kaure (kauri inayozunguka ncha ya plagi) ikiwa ya kahawia hafifu kama chai ya maziwa ni sawa. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Unyevu wa oili ni ringi au raba za valvu. Nyeupe kabisa ni petroli chache. Picha za rangi zilizo kwenye vitabu vya zamani ni za petroli ya risasi, iliyokoma Afrika Mashariki kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya leo haiachi rangi iliyokolea, kwa hiyo tazama pete ya chini kabisa ya kaure, ndani, kuliko ncha. Na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaharibu usomaji wote: moshi, masizi, na injini kugonga mlimani. Badilisha sheli kwanza, upime tena.

Mwinuko

Kabureta haijui kwamba umehama. Hewa ya Mbeya au Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15, na mchanganyiko huwa mzito kwa asilimia 8 au 9. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikihamia nyanda za juu hupunguza nguvu na kutoa masizi bila kuwa na ubovu wowote. Kwa jeti zinazohesabiwa kwa kipenyo, kushuka kutoka 100 hadi 95 kunapunguza petroli kwa asilimia 10, nayo ndiyo hatua inayotosha. Sindano ishushwe kijino kimoja. Usichanganye namba za kampuni tofauti, kwa kuwa nyingine huhesabu kipenyo na nyingine kiasi kinachopita kwa dakika. Ukirudi pwani, rudisha jeti ya awali kabla hujatembea mbali, vinginevyo petroli itakuwa chache na pistoni itapata joto.

Mkono wa kulia

Pikipiki ikishakuwa nzima, tofauti iliyobaki ni ya anayeipanda. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 60 kwenda 80 unapanda karibu mara 1.8, na CG, ambayo mtu huikalia wima kama kiti cha sebuleni, haina umbo la kuupunguza. Kwa injini hii mwendo wa uchumi ni 50 hadi 60 kwenye gia ya juu. Koti linalopepea na boksi pana la mizigo nyuma vinagharimu pia, hasa ukizidi 60.

Ondoka kwa resi ya kiasi, panda gia mapema, lakini usiibebeshe injini mzigo usioweza. Gia ya juu chini ya kilomita 40 kwa saa, cheni ikigongagonga, ni hasara, kwa sababu utafungua resi hadi nusu kupata nguvu ambayo robo ingeitoa kwenye gia ya chini. Sikiliza: ukiongeza resi na sauti ikawa nzito bila mwendo kuongezeka, shuka gia.

Asubuhi vuta chok, piga kiki, ondoka taratibu ndani ya dakika moja, na chok irudishwe kabla ya kilomita ya kwanza kuisha. Chok iliyosahaulika nusu ndiyo sababu ya malalamiko mengi kuliko watu wanavyokubali.

Mjini, kinachokula ni kuanza na kusimama. Kila ukifunga breki unatupa mwendo uliokwisha kuulipia. Achia resi mapema ukiona taa nyekundu au daladala inaingia kituoni. Foleni ikisimama zaidi ya dakika, zima. CG yenye moto mzuri huwaka kwa kiki moja.

Kuhusu kuteremka kwa fri: acha. Kabureta ikiwa imefungwa resi hutoa petroli ya sailensa tu, iwe uko kwenye gia au fri, kwa hiyo unachookoa ni kidogo mno, nawe umepoteza breki ya injini kwenye mteremko, huku dramu zikipata joto na kupoteza mshiko. Kuzima injini kabisa kwenye mteremko ni hatari zaidi.

Mzigo unaonekana kwenye vilima na kwenye kuanza na kusimama kuliko kwenye lami bapa. Mshikaki wa watu watatu kwenye sisi 125 unakufanya utembee na jeti kubwa wazi siku nzima, mbali na kuvunja sheria na spoki. Anayebeba kila siku huweza kuongeza ukubwa wa sproketi ya nyuma; asiyebeba na anayetembea lami ndefu anaweza kuongeza jino moja mbele. Kutoka 14 hadi 15 kunashusha mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule. Lakini ukiona gia ya juu haipandi vilima vyako vya kawaida, rudisha.

Stroku mbili

DT175 hutoa kilomita 20 hadi 25 kwa lita, na hakuna marekebisho yatakayoifikisha ya CG: sehemu ya mchanganyiko mpya hutoka moja kwa moja na moshi kupitia tundu la ekzosi kabla haujawaka. Unachoweza ni kuzuia isishuke zaidi. Masizi ya oili huziba ekzosi na tundu lake kwenye silinda; toa kichwa na ekzosi, kwangua kwa kijiti cha mbao ngumu au plastiki ngumu, pistoni ikiwa chini. Sili za fito kuu zikipasuka, upande mmoja injini hunyonya hewa ya ziada, upande wa gia hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mzito.

Pikipiki zenye pampu ya oili, kama Autolube ya Yamaha, zisichanganyiwe oili tena kwenye tenki isipokuwa pampu imekufa. Zinazochanganywa fuata kitabu chake: 1 kwa 20 ni mililita 50 za oili kwa lita, 1 kwa 25 ni 40, 1 kwa 50 ni 20. Kupunguza oili ili kupunguza moshi ni kujitafutia pistoni iliyokwama. Na oili zaidi kwenye lita hufanya petroli yenyewe iwe pungufu kidogo, kwa hiyo ukibadilisha uwiano, soma plagi upya. Kwenye mteremko mrefu, resi ikiwa imefungwa, injini inayochanganywa kwenye tenki haipati oili ya kutosha ilhali inazunguka kwa kasi. Fungua resi kidogo kila baada ya sekunde chache, au bana klachi.

Ukipunguza kupita kiasi

Klipu ya sindano ikipandishwa mno au jeti ikishushwa mno, takwimu hupanda kwa tenki moja mbili, kisha injini huanza kukohoa kwenye kabureta unapofungua resi, husita kati ya robo na nusu, sailensa hupanda yenyewe ikipata moto na haishuki haraka. Plagi huwa nyeupe. Dalili hizohizo huletwa na hewa inayoingia kwenye maungio ya kabureta na kichwa cha injini; paka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikinguruma, na sailensa ikibadilika, badilisha oringi na kaza nati sawasawa pande zote. Kama maungio ni mazima, rudisha klipu kijino kimoja chini na jeti namba moja juu. Kwa CG125 inayotembea 38 na plagi ya rangi ya chai, fungia spana kwenye kisanduku mpaka kilomita 3,000 zijazo.